RISASI HAINA MACHO, LAKINI ALIYEICHAGUA ANAYO

Katika lugha yetu neno risasi lina maana mbili. Ni jina la madini laini, mazito, ya rangi ya kijivu; tena ni jina la kile kitokacho katika mtutu wa bunduki au bastola. Jambo hilo si la ajabu, kwa kuwa kwa karne nyingi kitu hicho kilifinyangwa kwa madini hayo hayo. Lakini huenda ni kwa sababu ya mazoea hayo wengi wetu twadhani kwamba risasi ni risasi tu: ikimpata mtu imempata, na ikimkosa imemkosa. Nao wale wanaojiona wajuzi zaidi husema kwamba risasi kubwa ndiyo yenye nguvu na ndogo ni mchezo wa watoto.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba fikira zote mbili ni potofu, na kwamba upotofu huo umegharimu maisha ya watu, wenye silaha na wasio na silaha. Aidha, yanakusudia kudai jambo moja. Uchaguzi wa risasi itiwayo katika bastola ya askari polisi, awe wa nchi yoyote, si siri ya ghala la silaha. Ni jambo la umma. Lapasa lipimwe na lielezwe hadharani, kama zipimwavyo dawa za hospitali na saruji ya madaraja.

Msomaji ataniuliza: jambo hili lamhusu nini mwalimu wa shule au karani wa wizara? Lamhusu sana. Mtumishi wa serikali ndiye atiaye sahihi hati za ununuzi, na mara nyingi hutia sahihi juu ya vitu asivyovielewa kwa sababu tu ameambiwa kwamba ni vya kitaalamu. Mwalimu ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuwafundisha vijana kwamba hakuna utaalamu usioweza kuelezwa kwa lugha nyepesi. Na wote wawili hupita sokoni na kituo cha basi, mahali ambapo risasi iliyokwisha kutoka haitambui jambazi wala mama aliyebeba kikapu.

UZITO, KASI NA UMBO

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Bastola iliyoenea zaidi duniani leo ni ile ya kipenyo cha milimita 9. Lakini risasi zake si za namna moja. Iko nyepesi yenye uzito wa gramu 7.5 hivi, itokayo mtutuni kwa kasi ya karibu mita 350 kwa sekunde. Iko nzito ya gramu 9.5 hivi, itokayo kwa kasi ya karibu mita 300 kwa sekunde. Zote mbili hutoka katika mtutu mmoja na kwa mkono mmoja.

Mwalimu wa fizikia aweza kuandika ubaoni. Nishati ni nusu ya uzito mara kasi mara kasi. Kwa kipimo hicho risasi nyepesi ina jouli 460 hivi, na nzito ina 430 hivi. Basi mwanafunzi atasema kwamba nyepesi ndiyo yenye nguvu. Lakini tukizidisha uzito kwa kasi mara moja tu, yaani tukipima msukumo ambao kitu kinaupeleka mbele, ile nzito inaishinda nyepesi. Kumbe hata neno hili dogo, nguvu, lina sura zaidi ya moja, na mwuza silaha aweza kuchagua sura impendezayo.

Katika suala la kupenya, yaani risasi itakwenda kina gani ndani ya kitu kilaini, mambo hutegemea zaidi uzito ulio nyuma ya uso wa risasi. Tufikiri mikuki miwili yenye ncha za upana mmoja, huu una mpini mfupi na mwepesi, na ule una mpini mrefu na mzito. Ikirushwa, ule mzito huzama zaidi, kwa sababu ncha ni ile ile lakini kinachoisukuma kutoka nyuma ni kikubwa zaidi. Risasi za kipenyo kimoja ni hivyo hivyo. Aliye mzito ni mrefu zaidi, na akikutana na kizuizi hapotezi mwendo wake upesi.

Sasa tuje kwenye umbo, maana hapo ndipo penye kiini cha mambo. Risasi ya kijeshi imevikwa gamba la shaba kutoka nchani, nayo haibadiliki sana ipitapo katika mwili. Huingia nyembamba na hutoka nyembamba. Risasi ya milimita 9 ya namna hiyo, ikipigwa katika jelatini ya kupimia, hupita sentimita 60 na zaidi. Kifua cha mtu hakifiki nusu ya kina hicho. Maana yake ni kwamba risasi hiyo, ikimpata mtu mahali palaini, yaweza kutokea mgongoni ikiwa bado na mwendo wa kumwua mtu wa pili.

Namna nyingine ni ile iliyotobolewa shimo nchani. Ikiingia katika kitu chenye majimaji, maji hayo hujisukuma ndani ya shimo na kuipanua, nayo hufunguka kama mwavuli. Kila mtu aliyewahi kufungua mwavuli katika upepo wa masika anajua yanayofuata: kilichokuwa kikipita kwa urahisi sasa kinavutwa nyuma. Risasi ya milimita 9 ikipanuka kufikia milimita 14, uso wake unaokabili kizuizi huwa zaidi ya mara mbili ya ule wa kwanza. Hapo hupungua mwendo upesi na husimama mapema.

Kuna fumbo hapa ambalo limewapotosha wengi. Mtu angetazamia kwamba risasi yenye kasi zaidi itazama zaidi. Kwa risasi ya shimo sivyo siku zote. Kasi kubwa huifungua upesi na kwa upana, na hivyo huweza kusimama karibu. Ile nzito ya mwendo wa taratibu huchelewa kufunguka, au hufunguka kwa kiasi, nayo hufika mbali. Tena kitambaa kinene cha koti chaweza kuziba lile shimo, na risasi isifunguke hata kidogo; ikaenda kama ile ya kijeshi. Hivyo ndivyo ilivyo: uzito, kasi na umbo ni mafiga matatu. Ukiondoa moja chungu chamwagika.

MASHAKA YA MIAMI

Wamarekani walijifunza haya kwa damu. Tarehe 11 Aprili 1986, katika kitongoji cha mji wa Miami, makachero 8 wa shirika la upelelezi la FBI walipambana na majambazi wawili wa benki. Mapambano hayakuzidi dakika 5. Mapema katika mapambano hayo kachero mmoja alimpiga jambazi mmoja kwa bastola ya milimita 9. Risasi ilikuwa nyepesi, ya gramu 7.5 hivi, ya namna ile ya kufunguka. Ilipita katika mkono wa juu wa jambazi, ikaingia kifuani, ikatoboa pafu, ikasimama kiasi cha sentimita 2.5 hivi kabla ya kufika kwenye moyo.

Jeraha hilo lilikuwa la kufisha. Lakini kufisha ni jambo moja, na kumzuia mtu asiendelee kuua ni jambo jingine. Jambazi yule aliendelea kupiga bunduki yake. Mapambano yalipokwisha, makachero wawili walikuwa wamekufa, wengine watano wamejeruhiwa, na majambazi wote wawili wamekufa.

Wapo waliosema wakati ule kwamba kosa lilikuwa la risasi ndogo. Wengine walisema, na hadi leo wanasema, kwamba makosa makubwa yalikuwa ya mpango: makachero walikwenda na bastola kumkabili mtu mwenye bunduki. Kwa maoni yangu hawa wa pili wana haki zaidi. Hata hivyo tukio lile lilizaa jambo jema, nalo ni kwamba liliwalazimisha wakubwa waache hadithi na waanze kupima.

Mwaka 1987 FBI iliwaita madaktari na wataalamu wa majeraha ya silaha. Miongoni mwa waliosikilizwa sana katika miaka ile ni Martin Fackler, daktari mpasuaji wa jeshi la Marekani, aliyekuwa akipima risasi katika jelatini yenye sehemu moja ya unga na tisa za maji, iliyopozwa kufikia nyuzi 4 za Selsiasi. Kabla ya kila kipimo jelatini yenyewe hupimwa kwa kupigwa kigololi kidogo cha chuma kwa kasi inayojulikana; kisipozama kina kilichowekwa, kipimo hakihesabiwi. Hilo ndilo linalotofautisha sayansi na porojo: hata mizani hupimwa kabla ya kupimia.

Waliyokubaliana ni machache na ya wazi. Risasi ya bastola haina nguvu ya bunduki. Haimwangushi mtu kwa kishindo chake. Ile nafasi kubwa inayofunguka kwa kitambo mwilini risasi ipitapo, ambayo waandishi wa matangazo waliitukuza, haina madhara makubwa kwa risasi za bastola, kwa kuwa nyama nyingi za mwili hunyumbuka na kurudi mahali pake. Kinachobaki ni mambo mawili: njia ambayo risasi imeichimba kweli kweli, na kina ilichofika. Kwa hiyo wakaweka kiwango: risasi ipenye si chini ya inchi 12, yaani sentimita 30 hivi, wala si zaidi sana ya inchi 18, ambazo ni sentimita 46 hivi. Tena ijaribiwe nyuma ya nguo nzito, mbao, ukuta wa jasi, bati la chuma na kioo cha gari.

Mtu atauliza kwa nini sentimita 30 ilhali moyo hauko mbali hivyo. Jibu ni lile la Miami: mtu hasimami kama picha ya shabaha. Huinua mkono, hugeuka ubavu, na risasi hulazimika kupita mkono kwanza kabla ya kufika kifuani. Na taarifa ya FBI ya mwaka 1989 ikaongeza neno moja la kutafakarisha. Hata moyo ukiharibiwa kabisa, ubongo una hewa ya kumtosha mtu kutenda kwa hiari yake kwa sekunde 10 hadi 15. Yule wa kwenye sinema arukaye nyuma kwa risasi moja hayupo duniani.

KUPANDA NA KUSHUKA

Baada ya hapo likaja somo la pili, ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko la kwanza. FBI, ikiwa bado na kilio cha Miami, ilikimbilia bastola kubwa ya milimita 10, iliyoanza kugawiwa mwaka 1990. Punde ikaonekana kwamba risasi yake kamili ina kishindo ambacho makachero wengi hawakiwezi, nayo ikapunguzwa baruti. Kisha likatengenezwa ganda fupi lenye kichwa cha kipenyo kile kile, na mwaka 1997 FBI ikaichukua bastola ya namna hiyo. Polisi wengi wa Marekani wakafuata.

Mwaka 2014 kitengo cha mafunzo cha FBI kikatoa waraka uliosema: turudi kwenye milimita 9. Sababu zao zilikuwa za kipimo tupu. Risasi mpya za milimita 9, zikiwemo nzito za gramu 9.5 hivi, zilikuwa zimeundwa vizuri kiasi kwamba zilitimiza kiwango cha kina sawa na zile kubwa. Nazo zina kishindo kidogo, askari hulenga upesi na sawasawa zaidi, na bastola hubeba risasi nyingi zaidi. Basi katika muda wa miaka 30 hivi shirika lenye fedha na maabara lilipanda mlima na kushuka upande ule ule. Kilichokuwa kimepungua mwaka 1986 hakikuwa upana wa mtutu. Kilikuwa ni uzito na muundo wa risasi. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Risasi nayo hufika au haifiki kwa jinsi ilivyoundwa.

Waraka ule una sentensi nyingine ambayo yafaa ibandikwe katika kila ofisi inayoshughulika na silaha. Ulisema kwamba askari wa Marekani katika mapambano ya kweli humpata wanayemlenga kwa risasi 20 hadi 30 tu katika kila 100. Tutulie hapo kidogo. Katika kila risasi 10, 7 au 8 huenda kwingineko. Zinakwenda wapi? Ukutani, barabarani, dirishani, na wakati mwingine katika mwili wa mtu asiyehusika. Hapo hakuna muundo wa risasi utakaotuokoa. Hapo kuna mazoezi, nidhamu, na busara ya kutopiga.

HADITHI ZA WATU WASIOANGUKA

Sasa nirudi nyuma, kwa sababu jambo hili lina historia ambayo sisi Waafrika hatupaswi kuisahau. Mwishoni mwa karne ya 19 jeshi la Uingereza lilikuwa na bunduki mpya yenye risasi nyembamba iliyovikwa gamba gumu. Katika vita vya mpaka wa India ya Kaskazini-Magharibi, maofisa walilalamika kwamba risasi hiyo huwapita wapiganaji nao huendelea kuja. Kiwanda cha silaha cha Dum Dum, karibu na Calcutta, kikatengeneza risasi iliyoachwa wazi nchani ili ipasuke mwilini. Kutokana na mji huo dunia ikapata neno damdam. Mwaka 1898, katika vita vya Sudan, askari wa Kiingereza walikata kwa tupa ncha za risasi zao ili zitende vivyo hivyo.

Mwaka 1899 mataifa yakakutana The Hague. Wengi walitaka risasi hizo zipigwe marufuku. Mjumbe wa Uingereza, Sir John Ardagh, alizitetea. Hoja yake kwa ufupi ilikuwa kwamba askari wa taifa lililostaarabika akijeruhiwa hujua kwamba amejeruhiwa na huondoka vitani, bali mshenzi huendelea kuja hata akiwa ametobolewa. Yaani mwili wa mtu wa Asia au Afrika ulikuwa na sayansi yake peke yake! Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Azimio lilipitishwa tarehe 29 Julai 1899, likikataza risasi zinazopanuka au kubonyea kwa urahisi mwilini. Uingereza yenyewe ililikubali mwaka 1907. Lakini tuisome sheria kwa makini, kama tuwafundishavyo wanafunzi wetu. Azimio lilisema kwamba litawabana wale tu waliolitia sahihi, tena katika vita baina yao wenyewe. Tanganyika ilipoinuka mwaka 1905 dhidi ya Wajerumani katika vita vya Maji Maji, Ujerumani ilikuwa imekwisha kulikubali azimio hilo. Lakini Mmatumbi na Mngoni hawakuwa wamealikwa The Hague. Kwa sheria ile, mwili wa Mjerumani ulilindwa dhidi ya Mfaransa na wa Mfaransa dhidi ya Mjerumani. Mwili wa mkulima wa Kilwa haukulindwa dhidi ya yeyote.

Wamarekani nao wana sura yao ya hadithi hiyo hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 walipokuwa wakipigana na Wamoro, Waislamu wa kusini mwa Ufilipino, bastola yao ya wakati ule ilisemwa kuwa haiwazuii wapiganaji hao. Mwaka 1904 maofisa wawili, Thompson wa idara ya silaha na LaGarde aliyekuwa tabibu, walikwenda kwenye machinjio ya Chicago wakapiga risasi ng'ombe hai na maiti za watu, wakaamua kwamba bastola ya jeshi isiwe na kipenyo kilicho chini ya inchi 0.45. Ndipo mwaka 1911 ikapokewa bastola mashuhuri ya kipenyo hicho, yenye risasi ya gramu 15 hivi.

Sasa tulinganishe. Risasi ile iliyolaumiwa katika vita vya Wamoro ilikuwa na gramu 9.7 hivi, na kipenyo cha karibu milimita 9. Risasi iliyosifiwa na FBI baada ya miaka 110 ina gramu 9.5 hivi, na kipenyo karibu kile kile. Uzito ni mmoja, upana ni mmoja. Moja ililaaniwa na nyingine ikachaguliwa. Tofauti yao ni kwamba ile ya kale ilikuwa ya mwendo mdogo na ncha ya mviringo isiyobadilika, na hii ya sasa ina kasi zaidi na imeundwa ifunguke kwa kiasi kilichopimwa. Basi kumbe tatizo halikuwa mwili wa Mmoro, wala ushupavu wa mshenzi wa Ardagh. Lilikuwa ni fundi na kipimo chake. Mzungu wa Miami mwaka 1986 naye alipigwa risasi kifuani akaendelea kupigana, na hakuna aliyesema kwamba ni kwa sababu hajastaarabika.

SHERIA YA VITA NA BARABARA YA MJI

Hapa msomaji makini atanishika kanzu. Kama risasi ya kufunguka imekatazwa vitani, yawezekanaje polisi waitumie dhidi ya raia wao wenyewe? Swali hili ni la haki, na halistahili kujibiwa kwa mkato.

Kwanza, iliyokatazwa The Hague ililengwa hasa kwa bunduki, ambazo nishati yake hupita jouli 2,000. Risasi ya bunduki ikipasuka mwilini huacha jeraha ambalo daktari hawezi kulishona. Bastola ina jouli 400 na kidogo. Jeraha lake ni baya, lakini si la namna ile. Pili, vitani anayekuja nyuma ya adui ni adui mwingine, na mjini anayesimama nyuma ya jambazi ni mpita njia. Mji wa New York ulikuwa ukiwapa polisi wake bastola za milimita 9 zenye risasi za gamba kamili, na wapo watu wasiohusika waliopigwa na risasi zilizokwisha kumpita mtu mwingine. Mwaka 1998 mji huo uliamua kuhamia kwenye risasi za kufunguka.

Sheria nayo imejaribu kuifuata tofauti hiyo. Mwaka 2010, katika mkutano uliofanyika Kampala, nchi wanachama wa Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai zilikubaliana kwamba kutumia risasi zinazopanuka ni kosa la vita hata katika mapigano ya ndani ya nchi. Na zilieleza kwamba kosa ni pale mtumiaji anapokusudia kuongeza mateso au majeraha bila faida. Kabla ya hapo, mwaka 1990, Umoja wa Mataifa uliokutana Havana ulikuwa umeweka kanuni za polisi duniani: zikatazwe silaha na risasi zinazoleta majeraha yasiyo ya lazima au hatari isiyo ya lazima.

Nakubali hoja hizo mbili, lakini nakubali kwa masharti. Hoja ya kumlinda mpita njia haina maana mpaka risasi yenyewe iwe imepimwa. Risasi isiyofika kina yaweza kumfanya askari apige mara kumi badala ya mara mbili, na kila risasi inayoongezwa ni hatari mpya barabarani. Risasi inayozidi kina hutokea upande wa pili. Baina ya mambo hayo mawili kuna njia nyembamba, na njia hiyo haionekani kwa macho wala kwa sifa zilizoandikwa juu ya boksi. Huonekana kwa kipimo tu.

Wapo watakaosema kwamba kuyazungumza haya hadharani ni kuwafundisha wahalifu. Sikubaliani nao. Mambo haya yamechapishwa kwa miaka mingi. Mhalifu hutumia risasi aliyoipata. Hakai akapima jelatini. Anayehitaji kujua ni yule anayelipa kodi, kwa sababu risasi ya polisi hununuliwa kwa jina lake. Siri katika jambo hili haimlindi raia. Humlinda mnunuzi asiyetaka kuulizwa.

LAKINI NANI AVUTE?

Nisingependa msomaji aondoke akidhani kwamba risasi iliyopimwa vizuri ndiyo dawa. Tarehe 4 Februari 1999, katika mtaa wa Bronx, New York, askari wanne walimkuta kijana wa Kiafrika mlangoni mwa nyumba aliyokuwa akiishi. Jina lake Amadou Diallo, mwenye asili ya Guinea, umri miaka 23. Alitoa pochi mfukoni. Wao wakadhani ni bastola. Walipiga risasi 41. Zilizompata ni 19. Hakuwa na silaha yoyote. Mwaka uliofuata mahakama iliwaachia askari wote wanne.

Katika mkasa huo, uzito wa risasi ni nini? Kina cha sentimita ngapi kingeligeuza jambo? Hapo kosa lilikuwa limekwisha kutendeka kabla ya risasi ya kwanza kutoka, katika jicho lililomtazama mtu mweusi gizani na kuona jambazi. Ndugu yake yule Ardagh wa mwaka 1899 alikuwa amesimama pale barabarani, amevaa nguo za kisasa.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. La kwanza, mahali popote ambapo serikali hununua risasi za polisi, hati ya ununuzi isitaje kipenyo na bei pekee. Itaje uzito, muundo, kina kinachotakiwa na kipimo kilichothibitisha kina hicho, na matokeo yawekwe mahali ambapo wawakilishi wa wananchi wanaweza kuyasoma. La pili, fedha ya mazoezi isiwe chini ya fedha ya silaha. Yule anayekosa mara 7 katika 10 hahitaji risasi kubwa zaidi. Anahitaji uwanja wa shabaha, na zaidi ya hapo anahitaji kufundishwa lini asipige. La tatu ni la walimu wenzangu. Somo la msukumo na nishati lisiishie kwenye magari ya kugongana ubaoni, na somo la The Hague lisiishie kwenye tarehe. Kijana anayefahamu yote mawili hatadanganywa na mwuza silaha, wala na mtu amwambiaye kwamba kuna miili inayostahili risasi ya namna yake.

Babu zetu wa Maji Maji waliamini kwamba maji yangeigeuza risasi. Walikosea, na kosa lao lilikuwa chungu. Leo wataalamu wa dunia hupima kila risasi katika jelatini ambayo sehemu tisa kwa kumi ni maji, na kwa maji hayo hujua itafika wapi. Tofauti ya maji yale na haya ni kipimo. Mwenye kuchagua risasi ana macho. Nasi tuliompa fedha za kuichagua tuna haki ya kumwuliza ameona nini.